Kiatu nimekigeuza mashua kwa simu, lakini bado kinaonekana kimebandikwa. Kasoro iko wapi?

#1 MshonaPicha
Habari wakuu. Nina kiatu cha mwanangu, cha kitambaa, kimetoboka puani. Badala ya kukitupa nilikipiga picha, nikaondoa mandharinyuma kwa kidole, nikakiweka juu ya picha ya maji ya kwenye beseni, kisha nikakitilia tanga la karatasi ya daftari. Nilitaka kiwe mashua iliyo baharini. Picha zote ni zangu, nimezipiga kwa simu hii hii, na kazi yote nimeifanyia ndani ya Snapseed na Picsart, programu za simu za kuhariri picha.

Wazo nalipenda mno. Ila kila nikiitazama naona kiatu kimewekwa juu ya maji, hakielei. Nimelainisha kingo, nimemwaga filta ya rangi ya machweo juu ya vyote, nimepunguza mwangaza, wapi. Mwanangu ana miaka 6, kaitazama akasema, "Mama, kiatu kiko juu ya kioo." Na kweli.

Naomba mnaofanya sanaa ya namna hii mniambie: ni nini hasa kinachofanya jicho ligundue kwamba kitu kimebandikwa? Nimeambatanisha kazi ya mwisho na picha zake mbili za mwanzo.

#2 PakaWaMwezini
Naweka kambi hapa. Tatizo langu ni hilohilo, ila mimi nina paka juu ya mwezi.

#3 Kivuli_Kirefu
Una majua mawili, dada. Tazama kiatu: kisigino kina giza upande wa kulia, kwa hiyo mwanga ulitoka kushoto. Sasa tazama beseni: ukingo wake umetupa kivuli upande wa kushoto, kwa hiyo huko mwanga ulitoka kulia. Jicho la mtu wa kawaida halitakwambia hivyo kwa maneno, lakini limeshakataa.

Dawa ya haraka: kigeuze kiatu kushoto-kulia, ni kugusa mara moja tu. Angalia kama kina maandishi, maana yatasomeka kinyumenyume. Halafu kitie kivuli mahali kinapogusana na maji. Kiwe chembamba na cheusi kabisa pale pale penye mguso, kisha kififie kadiri kinavyokwenda mbali. Wengi huweka kivuli kimoja chenye ulaini uleule kuanzia mwanzo hadi mwisho, na hapo ndipo kazi inapoharibika.

#4 Jicho Moja
Kwa kitu kilicho juu ya meza nakubaliana na #3. Kwa maji sikubali. Maji yaliyotulia hayashiki kivuli kama sakafu, yanashika taswira, yaani sura ya kitu inayoonekana chini yake. Kiatu chake hakina taswira chini yake hata kidogo, ndiyo maana mtoto kaona kioo kigumu. Mtoto yuko sahihi kuliko sisi sote.

#5 BwanaHesabu
Naongezea kwenye kivuli cha #3, kwa sababu watu huambiwa "kilainishe" bila kuambiwa ni kwa kiasi gani. Jua tunaliona angani likiwa na upana wa takribani nusu digrii. Kwa sababu si nukta, ukingo wa kivuli chake hutawanyika kama milimita 9 kwa kila mita moja ya umbali kati ya kitu na mahali kivuli kinapoangukia. Kwa hiyo kivuli cha soli iliyogusa maji ni kikali kama wembe. Kivuli cha ncha ya tanga, ikiwa tanga lina sentimita 20, kitalainika kwa milimita 2 hivi. Anayetaka ionekane ni mashua kubwa apige hesabu ya tanga kubwa, siyo ya karatasi ya daftari.

Siku ya mawingu habari hubadilika kabisa, maana anga lote ndilo taa. Kivuli kinabaki kama doa chini ya kitu na hakina mwelekeo.

#6 PakaWaMwezini
Yaani mwezini hakuna mawingu, kwa hiyo kivuli cha paka wangu kiwe kikali muda wote?

#7 BwanaHesabu
Hasa. Tena kiwe cheusi zaidi, kwa kuwa huko hakuna hewa ya kutawanya mwanga ukaingia kivulini. Kinachobaki ni ule unaorudi kutoka ardhini na kwenye vitu vilivyo jirani.

#8 Binti Nuru
Mnazungumzia vivuli wakati rangi ndiyo inayopiga kelele. Kiatu kimepigwa ndani, chini ya taa ya njano. Beseni limepigwa nje kivulini. Taa ya njano ya balbu ya kizamani ni kama kelvini 2700 (kipimo cha rangi ya mwanga, namba ikipanda mwanga unaelekea buluu), mwanga wa mchana wa jua uko jirani ya 5500, na kivulini chini ya anga la buluu unapanda hadi 7000 na zaidi. Kosa alilofanya mleta uzi ni kumwaga filta ya machweo juu ya vyote viwili kwa pamoja. Filta haisawazishi, inasukuma tu. Kitu cha njano kinakuwa cha njano zaidi, cha buluu kinakuwa kijivu, na umbali kati yao unabaki palepale.

Sawazisha kila picha peke yake KABLA ya kuziunganisha. Chukua kitu unachojua ni cheupe katika kila moja. Kwenye kiatu ni kamba, kwenye beseni ni ule mng'ao mweupe wa anga. Rekebisha joto la rangi mpaka weupe hao wawili wafanane. Ukimaliza ndipo umwage machweo yako.

#9 MshonaPicha
Dada Nuru, umeniona mpaka nyumbani. Kiatu nilikipiga usiku kweli. Beseni ni la asubuhi.

#10 Ufagio_Msituni
Mimi natoka upande tofauti kidogo. Kazi yangu inayopendwa kuliko zote ni ufagio wa njukuti. Niliusimamisha kichwa chini, nikalaza simu sakafuni, kioo cha kamera kikiwa chini kabisa, nikaupiga kwa nyuma dirisha likiwa na mwanga. Kwenye picha ule ufagio ni msitu wa miti myembamba wakati wa alfajiri. Juu yake nikaweka mfuniko wa sufuria uliokwaruzwa, nikautumia kama mwezi. Mikwaruzo imekuwa mabonde ya mwezi. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza vivuli.

Siri nadhani ni urefu wa kamera. Tazameni kiatu cha mleta uzi: kimepigwa mtu akiwa amesimama, tunaona ndani ya kiatu mpaka soli ya ndani. Maji yamepigwa karibu usawa wa ukingo wa beseni. Kwa hiyo macho yetu yako mahali pawili kwa wakati mmoja. Ukisimama ufukweni ukaitazama mashua iliyo mbali, huoni sakafu yake. Hata ukiweka kivuli cha dhahabu, kiatu hicho hakitaelea.

#11 Kivuli_Kirefu
#10 umenipiga. Sikuliona la soli ya ndani.

#12 Kalamu2
Kwa heshima zote, mimi nauliza la msingi. Hii ni sanaa au ni mazoezi ya vitufe? Google wametengeneza Snapseed, wakaweka vifaa vyote, wewe unatelezesha kidole. Mchoraji wa kweli anaanza na karatasi tupu.

#13 Jicho Moja
Kwanza sahihisho: Snapseed haikutengenezwa na Google. Ilitengenezwa na Nik Software, ikatoka mwaka 2011 kwa ajili ya iPad, Google wakainunua kampuni hiyo mwaka 2012. La pili nawaachia wengine.

#14 MzeeWaChumbaChaGiza
Nalichukua mimi, kijana wangu Kalamu2. Nimefanya kazi miaka mingi katika chumba cha giza, kwa taa nyekundu na beseni za dawa, kabla ya simu hizi. Kubandika picha hakukuanza na kompyuta. Mwaka 1857 mpiga picha Oscar Rejlander alitengeneza picha moja kubwa kwa kuunganisha negativu (picha za awali ambazo mwanga na giza vimegeuzwa) zaidi ya 30. Mwaka uliofuata Henry Peach Robinson akatoa picha ya msichana anayefariki akizungukwa na jamaa zake, na ile ilitokana na negativu 5. Watu walilalamika wakati huo kwa maneno kama yako. Photoshop ya kwanza ilitoka 1990, hesabu mwenyewe ni miaka mingapi baadaye.

Na hata picha isiyounganishwa tulikuwa tunaifinyanga. Unaweka kiganja kati ya taa na karatasi, unakitikisa, pale unapozuia mwanga panabaki peupe zaidi. Unatoboa tundu kwenye kadibodi, unaacha mwanga upite sehemu moja tu, hapo panakuwa peusi zaidi. Ansel Adams alipiga picha yake ya mwezi juu ya kijiji cha Hernandez mwaka 1941, akaendelea kuichapisha kwa miaka mingi, na jinsi miaka ilivyokwenda ndivyo anga lilivyozidi kuwa jeusi. Negativu ni ileile. Ile brashi ya kung'arisha na kutia giza kwenye simu zenu ndicho kiganja changu.

Sasa kwa mwenye uzi, binti yangu: sisi tulikuwa tunagundua picha ya kubandika kwa chembechembe. Filamu moja ina chembe kubwa, nyingine ndogo, ukiziunganisha panatokea kiraka. Simu nayo ina chembe zake. Kiatu chako cha usiku kimejaa chembechembe, ivute picha uone kwenye kitambaa. Maji ya asubuhi ni safi. Hapo ndipo jicho langu lilipokwenda kabla ya vyote.

#15 Kalamu2
Shikamoo mzee. Nimekuelewa kuhusu historia. Bado nina neno juu ya zile programu zinazofanya kila kitu zenyewe, nitarudi.

#16 MzeeWaChumbaChaGiza
Marahaba. Rudi tu.

#17 Dirisha_la_Jikoni
Nakazia la mzee. Namna ninavyofanya: naondoa kwanza chembechembe kwenye vipande vyote, naunganisha, halafu mwisho kabisa naweka tabaka moja la chembechembe juu ya picha nzima. Vyote vinavaa nguo moja. Mimi hata sihangaiki na kelvini za Binti Nuru, nageuza picha kuwa nyeusi na nyeupe, tatizo la rangi limekwisha.

#18 Binti Nuru
Umelikimbia, hujalitatua 😄

#19 Dirisha_la_Jikoni
Msitu wa ufagio nao hauna rangi na kila mtu anausifia.

#20 Upande wa Pili
Kuhusu taswira ya majini aliyoitaja #4, kuna kosa karibu kila mtu hulifanya. Watu huchukua kiatu hichohicho, hukigeuza juu chini, hukififisha, basi. Si sahihi. Taswira majini ni kile ambacho kamera ingeona kama ingekuwa chini ya uso wa maji, kwa kina kilekile ilicho nacho juu. Maana yake inaonyesha zaidi UPANDE WA CHINI wa kitu. Sisi juu tunaona ndani ya kiatu, taswira inatakiwa ituonyeshe ubavu na soli ya chini. Kwa hiyo unahitaji picha mbili za kiatu: moja ya kamera iliyo juu kidogo, nyingine ya kamera iliyo chini kwa kiasi hichohicho. Ya pili ndiyo unaigeuza.

Na nguvu ya taswira hutegemea unavyotazama. Ukitazama maji wima kutoka juu, yanarudisha kama asilimia 2 tu ya mwanga, ndiyo maana unaona chini ya beseni. Ukitazama kwa kulalia, karibu sambamba na uso wake, yanarudisha sehemu kubwa sana, yanakuwa kioo. Kwa hiyo taswira iliyo mbele, karibu na miguu ya mtazamaji, iwe hafifu, na ya mbali iwe na nguvu. Mimi natumia kifutio laini chenye nguvu ndogo, nafuta taratibu kuja upande wa mbele.

#21 MshonaPicha
Subiri, subiri. Hii ya picha mbili sijawahi kuisikia popote. Nimejaribu sasa hivi na kijiko juu ya kioo cha kujitazamia. Ni kweli! Kwenye kioo naona mgongo wa kijiko, juu naona tumbo lake. Miaka yote nimekuwa nikigeuza tu.

#22 Jicho Moja
Nimejaribu na kikombe. Kwenye kioo naona kitako. Upande wa Pili, heshima yako.

#23 NdogoNdogo
Wote mmesema kweli lakini mimi nadhani hata mkifanya hayo yote bado tutaona kiatu kwenye beseni, kwa sababu ya ukubwa. Maji hayadanganyi kuhusu ukubwa wake. Matone na viwimbi vya beseni vina umbo la maji kidogo: uso unavutika, tone linakuwa duara. Bahari haifanyi hivyo. Watengenezaji wa filamu waliotumia meli za mfano walilijua hilo siku nyingi, tone moja la maji lilitosha kuwaumbua, ndiyo maana walitengeneza meli za mfano kubwa kadiri walivyoweza.

Halafu kuna ukungu. Ukipiga kitu kwa karibu sana, nyuma yake panakuwa na ukungu, na akili imeshajifunza kwamba ukungu wa namna hiyo ni wa vitu vidogo. Tazama ukuta wa nyuma wa beseni, una ukungu. Hiyo peke yake inasema "beseni". Rudi nyuma mita mbili, piga, kata baadaye. Utapoteza piseli (nukta zinazounda picha) lakini utapata bahari.

#24 Ufagio_Msituni
Au afanye kinyume, akubali kuwa ni beseni! Kiatu kuwa mashua ndani ya beseni ni hadithi nzuri kuliko kiatu baharini. Nani kasema lazima tudanganywe?

#25 Kalamu2
Hili ndilo nililotaka kusema na nikakosa maneno. Mnapambana ili kiatu kidanganye macho. Kolaji (picha za vipande vilivyokatwa na kubandikwa) za msanii Hannah Höch, za Berlin mwaka 1919 na baadaye, hazimdanganyi mtu. Mkasi unaonekana. Kichwa kikubwa kwenye mwili mdogo, magurudumu, maandishi ya magazeti, na zina nguvu mpaka leo KWA SABABU mkato unaonekana. Labda kasoro ya hiki kiatu ni kwamba kimebandikwa kidogo. Kibandikwe zaidi, acha ukingo mweupe kama karatasi iliyochanwa.

#26 Kivuli_Kirefu
Aliyesema ni mazoezi ya vitufe leo anatupa Hannah Höch. Karibu nyumbani, kaka.

#27 Kalamu2
Nimekuja kwa miguu yangu. Lakini la zile programu sijaliacha. Ilipotoka programu ya Prisma mwaka 2016 kila mtu aligeuza selfi kuwa mchoro wa rangi za mafuta. Wiki mbili picha zote zikafanana. Pale nani alikuwa msanii?

#28 BwanaHesabu
Kinachofanyika pale ni kwamba mtandao wa neva bandia (programu ya kompyuta inayojifunza kwa mifano) unatumika kutenganisha yaliyomo kwenye picha na mtindo wake. Msingi wake ni njia iliyochapishwa na watafiti wa Tübingen, Ujerumani, mwaka 2015. Unachukua yaliyomo kwenye picha yako, mtindo kwenye mchoro mwingine, na hesabu inatafuta picha inayoridhisha pande zote mbili. Kwa hiyo jibu langu: kama mtindo na picha vyote ni vyako, msanii ni wewe. Nimewahi kupiga rangi iliyobambuka ukutani, nikaitumia kama mtindo juu ya picha ya mkono wa bibi yangu. Mishipa na nyufa zimekuwa kitu kimoja. Hiyo haikufanana na ya mtu yeyote.

#29 Binti Nuru
Hiyo ya mkono wa bibi tuwekee tuione.

#30 BwanaHesabu
Siwezi, simu iliyokuwa na nakala kubwa ilikufa. Nimebaki na ile niliyomtumia dada yangu kwa ujumbe, imebanwa mpaka mishipa imekuwa vijisanduku.

#31 Dirisha_la_Jikoni
Pole sana. Ndiyo maana JPEG, lile faili la picha linalobanwa, haifai kufunguliwafunguliwa, kila ukiifungua inapungua.

#32 Upande wa Pili
Hapana, kuifungua na kuitazama hakuipunguzii kitu. Inapungua ukiihariri na kuihifadhi UPYA, kwa sababu inabanwa tena, kwa vipande vya piseli 8 kwa 8. Vile vijisanduku alivyoviona BwanaHesabu ndivyo hivyo vipande. Anayehamisha kazi kutoka programu moja hadi nyingine mara tano ahifadhi kwa PNG, faili lisilopoteza kitu likihifadhiwa, katikati ya safari, JPEG iwe mwisho. Na ukimtumia mtu, itume kama faili, siyo kama picha.

#33 Dirisha_la_Jikoni
Asante kwa sahihisho.

#34 MzeeWaChumbaChaGiza
BwanaHesabu, ichapishe hata hiyo ndogo. Picha yenye piseli 1600 kwa 1200 bado inatoa karatasi ya sentimita 13 kwa 10 iliyo safi, kwa nukta 300 kwa inchi. Mkono wa bibi unatosha humo. Usiukuze tu.

#35 BwanaHesabu
Sikufikiria hivyo. Nitafanya, mzee.

#36 PakaWaMwezini
Jamani na kile kivuli, nikikichora kwa brashi nyeusi kinaonekana kama lami. Nifanyeje?

#37 Kivuli_Kirefu
Usichore cheusi. Tafuta kivuli halisi: weka paka wa kuchezea au hata ngumi yako juu ya karatasi nyeupe, piga picha ya kivuli chake juani. Kiweke kama tabaka, chagua hali ya kuzidisha (Multiply). Hapo programu inazidisha thamani ya kila piseli ya juu na ya chini. Nyeupe ikizidishwa haibadilishi kitu, kwa hiyo karatasi inatoweka yenyewe, bila kukata. Kijivu cha 128 juu ya kijivu cha 128, kwa kipimo cha 0 hadi 255, kinakupa 64. Chini panatiwa giza lakini mchanga wa mwezi unaendelea kuonekana ndani ya kivuli. Lami inakuja kwa sababu brashi inafunika, haizidishi.

#38 PakaWaMwezini
Ngumi yangu imekuwa paka. Imekaa vizuri mno!

#39 MshonaPicha
Nimerudi wakuu. Jana nimepiga upya. Kiatu na beseni vyote nje, saa kumi jioni, jua upande mmoja. Simu nimeishusha mpaka usawa wa maji. Picha mbili za kiatu kama alivyofundisha Upande wa Pili, ya pili nikaigeuza, nikafuta taratibu upande wa mbele. Chembechembe juu ya vyote mwishoni. Nimeziweka hapa mbili: moja ya namna hiyo, nyingine nimemsikiliza Kalamu2, nimeacha ukingo mweupe uliochanwa na beseni linaonekana lote.

Mwanangu nimemwonyesha ya kwanza. Akanyamaza, kisha akauliza maji yameingia kwenye tundu la puani au bado.

#40 Jicho Moja
Imeelea. Taswira ndiyo iliyofanya kazi.

#41 Binti Nuru
Taswira ipi, ni kwa sababu vyote vimepigwa kwenye mwanga mmoja! Rangi zimekubaliana zenyewe.

#42 Ufagio_Msituni
Ni urefu wa kamera. Soli ya ndani haionekani tena.

#43 NdogoNdogo
Viwimbi bado ni vya beseni, mimi nimeshasema. Lakini lile swali la tundu la puani limenigusa. Hebu lijibu, tia maji kidogo ndani ya kiatu upige ya tatu.

#44 Kalamu2
Mimi nabaki na ile ya pili, yenye ukingo uliochanwa. Mama, ile karatasi ya tanga ina mwandiko wa mtoto, au macho yangu?

#45 MshonaPicha
Ni mwandiko wake, mazoezi ya herufi. Sikuuona kwenye ile ya usiku, ulifichwa na filta.